Siku kumi na nne za kumlinda mlinzi: namna ya kutunza mshono wa mbwa aliyepasuliwa

Katika kaya nyingi za Moshi na Arusha mbwa hafugwi kwa ajili ya kubembelezwa. Mchana kutwa hulala bandani, na ifikapo saa tatu au saa nne usiku, geti likishafungwa, hufunguliwa azunguke uani mpaka alfajiri. Kwa hiyo mbwa huyo anapopasuliwa, awe jike aliyefungwa kizazi, dume aliyehasiwa, au mbwa aliyeshonwa baada ya kugongwa na pikipiki, swali la kwanza nyumbani huwa si namna ya kukitunza kidonda bali ni lini atafunguliwa. Jibu ni kwamba hafunguliwi mpaka nyuzi zitolewe au daktari wa mifugo athibitishe kuwa mshono umeshika, jambo ambalo kwa kawaida huwa kati ya siku ya kumi na siku ya kumi na nne. Mengine yote katika mwongozo huu yanahusu namna ya kuzifikia siku hizo bila mshono kufumuka.

Ninaandika kama mtu aliyekwisha kukosea. Jike letu hapa Rau, Moshi, lilifungwa kizazi siku ya Jumatatu, na kufikia Ijumaa lilikuwa linakula vizuri, linatikisa mkia na kukwaruza mlango kama ambaye hajawahi kuguswa na kisu. Usiku huo jirani alipiga kelele za mwizi, nami nikamfungulia. Asubuhi nilimkuta amelala chini ya mgomba, mshono umeachia kwa upana wa vidole viwili, na kidonda kimejaa udongo. Alishonwa upya na akapona, lakini tulianza kuhesabu siku zetu kumi na nne kutoka mwanzo, na gharama ikawa mara mbili.

Elewa kwanza kilichoshonwa

Mshono unaouona nje ni pazia tu. Mbwa aliyepasuliwa tumbo hushonwa tabaka baada ya tabaka: kwanza ukuta wa tumbo, ambao ndio unaozuia utumbo usitoke, kisha nyama laini iliyo chini ya ngozi, na mwisho ngozi yenyewe. Tabaka za ndani hushonwa kwa uzi unaoyeyuka wenyewe, ambao hupungua nguvu kadiri wiki zinavyopita na huchukua miezi kadhaa kumalizika. Ngozi inaweza kushonwa kwa uzi wa namna hiyo uliofichwa ndani, au kwa nailoni ambayo lazima itolewe.

Kingo za ngozi hugusana na kuziba mapema sana, hata ndani ya siku mbili, na kwa siku ya tano kidonda huonekana kimefunga kabisa. Hapo ndipo wengi tunapodanganyika. Katika siku tatu hadi tano za mwanzo mwili huwa bado unasafisha eneo lililokatwa, na ni baada ya hapo ndipo unapoanza kufuma nyama mpya ya kuunganisha upande mmoja na mwingine. Maana yake ni kwamba siku ile mbwa anapoanza kurukaruka, kinachomshikilia tumbo ni uzi peke yake. Hata wiki mbili zikitimia, sehemu iliyoungana huwa na nguvu ndogo tu ikilinganishwa na ngozi isiyowahi kukatwa, ndiyo maana hata baada ya nyuzi kutoka hatumrudishi kazini kwa siku moja.

Kabla hujaondoka kliniki

Usikubali kukabidhiwa mbwa na pakiti ya vidonge kisha ukaondoka. Uliza mshono una nyuzi ngapi zinazoonekana nje, ni uzi wa kuyeyuka au wa kutolewa, urudi tarehe ngapi, dawa zipi zitolewe saa ngapi, na upige simu kwa nani ikiwa jambo litatokea usiku wa manane. Hesabu nyuzi hizo mwenyewe ukiwa pale pale, kisha upige picha ya mshono kwa simu yako. Picha hiyo ndiyo utakayoilinganisha na za siku zitakazofuata, kwa sababu kumbukumbu ya macho husahau haraka na mtu hushindwa kusema kwa uhakika kama uvimbe wa leo ni mkubwa kuliko wa jana.

Niongeze jambo moja ambalo baadhi ya watu huona aibu kuuliza. Mtaalamu wa mifugo wa kata anatusaidia mengi, kuanzia chanjo hadi ng'ombe aliyevimbiwa, lakini kufungua tumbo la mnyama ni kazi ya daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari, lililoundwa kwa Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003. Ukiuliza kama aliyempasua amesajiliwa, hujamvunjia mtu heshima.

Safari ya kurudi nyumbani isiwe ya pikipiki, hata kama mbwa ni mdogo na dereva ni mtu wenu wa kila siku. Mbwa anayetoka kwenye usingizi wa dawa hana uwezo wa kujishika, na kumkunja mapajani juu ya barabara za makorongo ni kumvuta mshono. Tumia bajaji au gari, mlaze ubavu, shingo imenyooka na mdomo ukielekea chini kidogo ili akitapika matapishi yatoke badala ya kurudi kooni. Mbwa mkubwa abebwe na watu wawili juu ya blanketi lililokazwa kama machela, na asiinuliwe kwa kushikwa kwapani, kwa sababu hapo uzito wote wa mwili huning'inia kwenye tumbo lililoshonwa.

Usiku wa kwanza

Dawa ya usingizi hupunguza joto la mwili, na athari yake inaweza kuendelea hadi siku ya pili. Mbwa aliyepasuliwa mwezi Juni au Julai, wakati baridi ya Arusha inapouma na Moshi nako watu wakivaa masweta, asilazwe kwenye banda la sakafu ya saruji. Mtengee stoo, jiko la nje lisilowashwa moto au kona ya sebule, mahali palipo kavu, pasipo na upepo na pasipo na kitu cha kurukia. Mtandikie godoro kuukuu au magunia safi, kisha juu yake tandika shuka jeupe au kanga ya rangi nyepesi. Rangi nyepesi ina sababu: doa la damu au la usaha utaliona asubuhi hata kama mbwa amekwisha kulilamba tumboni. Usitumie maranda ya mbao, nyasi wala majani makavu ya migomba, kwa kuwa hung'ang'ania kwenye nyuzi na kuingiza uchafu kidondani. Akitetemeka, mfunike, na ukitaka kuweka chupa ya maji ya moto, izungushie taulo na uiweke mbali kidogo na mwili wake, kwa sababu mbwa mwenye usingizi hawezi kujisogeza anapoungua.

Mpe maji kidogo kidogo pale anapoweza kuinua kichwa na kumeza bila kukohoa. Chakula kiwe kidogo, chini ya nusu ya kawaida yake, na kiwe laini: uji wa dona uliopoa, au wali uliochanganywa na nyama ya kuku isiyo na mifupa wala viungo. Akitapika mara moja usiku huo si jambo la kukutia hofu. Asipopata choo kikubwa siku mbili au tatu za mwanzo nalo ni la kawaida, kwa sababu alifungishwa kula kabla ya upasuaji na dawa zimepunguza mwendo wa utumbo.

Kabla hujalala, kagua ufizi wake. Inua mdomo wa juu, bonyeza ufizi kwa kidole mpaka uwe mweupe, kisha achia na uangalie. Wekundu wake unapaswa kurudi ndani ya sekunde mbili. Kama ufizi wa mbwa wako ni mweusi kwa asili, vuta kidogo kope la chini ya jicho na utazame wekundu wa ndani. Ufizi mweupe kama karatasi, hasa kwa mbwa ambaye haamki vizuri na tumbo lake linajaa, unaweza kuashiria damu inayovuja ndani, na hilo halisubiri mapambazuko.

Tahadhari kwa watoto na kwa mwenyewe: mbwa mpole akiwa na maumivu na akili bado imechanganyikiwa anaweza kuuma mkono ule ule unaomlisha. Akimuuma mtu, kidonda kioshwe kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aliyeumwa aende hospitalini siku hiyo hiyo akieleza kama mbwa ana cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa. Usidharau kwa kuwa mbwa ni wa nyumbani.

Koni ya ndoo

Wazee wengi wanaamini kwamba ulimi wa mbwa ni dawa na kwamba mnyama anajua kujitibu. Mate ya mbwa yana uwezo mdogo wa kuua baadhi ya vijidudu, hilo siwezi kulikataa, lakini kinywa hicho hicho kimejaa vijidudu vingine, ulimi wake una ukwaru unaolowanisha na kuchubua ngozi changa, na meno ya mbele hukata uzi wa nailoni kama mkasi. Mbwa anaweza kufumua mshono mzima katika muda ambao wewe unachemsha chai. Kwa hiyo kitu kimoja ambacho sikubali kukijadili ni koni ya shingoni, ile kola pana inayomzuia kufikisha mdomo kidondani.

Koni za dukani zipo mjini, lakini zikikosekana za saizi ya mbwa wako, ndoo ya plastiki hufanya kazi ile ile. Chagua ndoo ambayo kina chake, ukiiweka shingoni mwa mbwa, kitapita ncha ya pua yake kwa sentimita tatu hadi tano. Ikiwa fupi atalamba, ikiwa ndefu sana hataweza kula wala kutembea. Ndoo ya mafuta ya kula ni bora kuliko iliyowahi kuwa na rangi au dawa ya mashambani. Ioshe, kisha kata tundu kwenye kitako chake, ukianza na dogo na kuliongeza taratibu mpaka kichwa kipite kwa kubanwa kidogo masikioni. Kingo za tundu hilo ndizo zinazoumiza shingo, kwa hiyo chukua kipande cha mpira wa kumwagilia bustani, kipasue kwa urefu na kukivisha kwenye kingo kuzunguka, au zizungushie kitambaa na plasta pana. Toboa matundu manne kando ya kitako, pitisha kamba za viatu na uzifunge kwenye mkanda wake wa shingo. Vidole viwili viweze kupita kati ya mkanda na shingo. Kama havipiti umemkaba, na kama mkono mzima unapita ataivua kabla ya jogoo kuwika.

Saa za kwanza atagonga milango, atarudi nyuma na kukutazama kwa macho ya kukushtaki. Usimwonee huruma ukaivua. Bakuli la chakula liinue juu ya tofali, au tumia bakuli dogo linaloingia ndani ya ndoo, na kama bado anasusa, ivue akiwa anakula huku wewe umesimama hapo, kisha uirudishe mara tu anapomaliza. Kosa ninalolisikia mara nyingi ni la watu wanaomvisha mchana wakiwa naye na kumvua usiku ili alale vizuri, ilhali usiku ndio wakati ambao hakuna anayemwangalia.

Kwa mshono wa tumbo, fulana kuukuu inaweza kusaidia pamoja na koni: kichwa kipite kwenye shingo ya fulana, miguu ya mbele kwenye mikono, na upindo wa nyuma uinuliwe na kufungwa fundo mgongoni ili usiloweshwe na mkojo. Fulana peke yake haitoshi kwa mbwa mwenye juhudi, na inapaswa kubadilishwa kila siku. Kama una mbwa wawili, watenganishe, kwa sababu yule mwenzake hana koni na atalamba kwa niaba ya mgonjwa.

Kukagua na kusafisha

Kagua mshono mara mbili kwa siku, asubuhi kukiwa na mwanga wa jua na jioni kabla ya giza. Osha mikono kwa sabuni, mlaze mbwa ubavu huku mtu mwingine akimshika kichwa na kumsemesha, kisha utazame bila kugusa. Mshono mzuri una kingo zinazogusana pande zote, wekundu kiasi au rangi ya waridi, na uvimbe mdogo unaofuata mstari wa nyuzi. Tone dogo la majimaji mekundu mepesi siku ya kwanza, na michubuko ya rangi ya zambarau kwa mbwa mwenye ngozi nyeupe, si tatizo. Kanuni yangu ni moja: kila siku iwe nzuri kuliko jana yake. Wekundu unaopungua ni wa kupona. Wekundu unaoongezeka siku ya tatu au ya nne ni wa kupelekwa kwa daktari, hata kama mbwa anakula.

Sehemu kubwa ya mishono haihitaji kuoshwa kabisa. Mshono mkavu uachwe mkavu. Kama kuna damu iliyoganda au vumbi, chemsha maji, pima kikombe cha mililita 250, weka nusu kijiko cha chai cha chumvi, koroga na uache yapoe mpaka yawe ya uvuguvugu. Chovya kipande cha gozi safi (kitambaa chepesi cha kufungia vidonda), kikamue, na ugusegusie juu ya uchafu mpaka ulainike na kutoka wenyewe, bila kusugua na bila kubandua magamba kwa kucha. Pamba isitumike, kwa kuwa nyuzinyuzi zake hubaki kwenye mshono. Malizia kwa kukausha kwa gozi jingine kavu. Kila kipande kitumike mara moja na kutupwa.

Sasa yale ya kutopaka, na orodha yake katika mitaa yetu ni ndefu: spiriti, dettoli isiyochanganywa na maji, majivu, unga wa kahawa, sukari, mafuta machafu ya gereji, na ile dawa ya buluu ya kupuliza wanayotumia wafugaji wa ng'ombe. Baadhi huunguza chembe changa za ngozi ambazo ndizo zinazojenga mshono, nyingine ni uchafu mtupu, na mafuta ya injini yana sumu ambayo mbwa ataimeza akipata nafasi ya kulamba. Hata dawa ya buluu, ambayo ina kazi yake kwenye kidonda kilicho wazi, hufunika mshono kwa rangi kiasi kwamba huwezi kuona tena wekundu wala usaha. Paka kile tu ulichoandikiwa.

Dawa za kumeza

Vidonge vya maumivu vya binadamu ndivyo vinavyoniogopesha kuliko vyote, kwa sababu vipo kila nyumba na hutolewa kwa nia njema. Parasetamoli, ibuprofeni na diklofenaki zinaweza kuharibu ini, figo na tumbo la mbwa, na kipimo kinachoonekana kidogo kwako ni kikubwa kwa mwili wa kilo kumi na tano. Dawa za maumivu zinazotengenezwa au kupimwa kwa ajili ya mbwa, kama meloksikamu na karprofeni, hutolewa na daktari kwa kufuata uzito, na hutolewa pamoja na chakula. Akitapika mara kwa mara au akitoa kinyesi cheusi kama lami, zisimamishe na umpigie daktari. Antibayotiki ikiwa imeandikwa imalizwe yote, na kama haikuandikwa usiende kujinunulia sindano dukani kwa kuwa jirani alimdunga wa kwake. Kidonge kifiche ndani ya tonge la ugali lililozungushiwa dagaa, na umpe tonge tupu kabla na jingine baada yake ili asipate muda wa kushuku.

Nzi, kupe, mvua na vumbi

Nzi huvutwa na harufu ya damu na unyevu, na mayai yake yanaweza kugeuka mabuu ndani ya siku moja kwenye joto la Moshi. Mbwa akae ndani mchana, na kama lazima akae bandani, tundika chandarua kuukuu kuzunguka banda kwa namna ambayo hakimgusi. Ukiona punje nyeupe ndogo kama chembe za mchele zimeshikana kwenye manyoya karibu na mshono, hayo ni mayai. Yaondoe kwa kitambaa chenye maji ya chumvi, kisha umpeleke mbwa akaangaliwe. Kupe waondolewe kwa mkono au kwa kibanio. Kumwogesha dawa ya kupe, na hata kumwogesha kwa maji matupu, kungoje mpaka nyuzi zitoke, kwa kuwa maji hulainisha kingo na kupitisha vijidudu kwenye matundu ya uzi. Wakati wa masika, mfute miguu na tumbo kila arudipo kutoka kujisaidia. Kama upasuaji si wa dharura, mimi ningeupanga nje ya miezi ya Machi hadi Mei. Tope la kihamba, yaani shamba la migomba linalozunguka nyumba, halimwachi mbwa msafi hata kwa dakika tano.

Siku ya nne hadi ya kumi

Hizi ndizo siku zinazoharibu mishono mingi, na mara nyingi anayeiharibu si mbwa. Mgonjwa amepata nguvu, anachoka kufungwa, na nyumba nzima imechoka kumhudumia. Atoke akiwa na kamba isiyozidi mita mbili, mara tatu au nne kwa siku, kwa muda wa kutosha kujisaidia tu, kisha arudi ndani. Asipande ngazi, asiruke kwenye kochi wala nyuma ya pikapu, asicheze na watoto, na asikaribie geti wakati mbwa wa mtaani wanapita.

Kuhusu ulinzi, nimejifunza kwamba mbwa aliyefungiwa ndani bado ni mlinzi. Tulipompasua dume letu baadaye, tulimlaza kwenye korido karibu na mlango wa mbele, na kubweka kwake usiku kulisikika mpaka barabarani. Kubweka hakufumui mshono. Kinachoufumua ni kulirukia geti na kujipinda kukimbia. Ufunguo wa chumba alimolala ukae kwa mtu mmoja. Mwambie kila anayeishi hapo, pamoja na dada wa kazi na mlinzi wa zamu, tarehe ambayo mbwa atafunguliwa, na uiandike kwa chaki mlangoni, kwa kuwa mlinzi anayeingia saa kumi na mbili jioni hajui uliyozungumza na wenzake asubuhi.

Dume aliyehasiwa ana mambo yake mawili. Mfuko wa korodani unaweza kuvimba siku za mwanzo ukaonekana kana kwamba hazikutolewa. Kitambaa kilichofungiwa barafu, kikiwekwa kwa dakika tano hadi kumi mara chache katika siku ya kwanza, husaidia, lakini mfuko unaoendelea kuvimba au kuwa wa moto uonwe na daktari. La pili, anaweza bado kutungisha mimba kwa takribani mwezi mmoja baada ya kuhasiwa, kwa hiyo jike lenye joto, yaani lililo tayari kupandwa, lisiwekwe naye.

Dalili zisizosubiri

Mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo ukiona usaha wa njano au kijani, harufu mbaya, kingo zilizoachana, uzi uliopungua katika hesabu yako, damu inayodondoka bila kukoma baada ya kubanwa kwa kitambaa safi kwa dakika tano hadi kumi, au mbwa aliyekataa kula kwa zaidi ya siku nzima. Joto la kawaida la mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39.2 za Selsiasi likipimwa kwa kipimajoto kilichopakwa mafuta na kuingizwa kidogo njia ya haja kubwa, likizidi 39.5 akiwa ametulia kivulini, usimsubirishe. Pua kavu au masikio ya moto si kipimo cha homa.

Uvimbe laini wenye kutikisika kama mfuko wa maji, usiomuuma akiguswa, mara nyingi ni majimaji yaliyokusanyika chini ya ngozi kwa sababu alitembea mno, na mwili huyanyonya wenyewe kwa wiki kadhaa. Onyesha picha kwa daktari, punguza matembezi, na usiutoboe kwa sindano, kwa kuwa utaingiza vijidudu mahali ambapo havikuwapo. Lakini uvimbe unaorudi ndani ukibonyezwa, hasa kwa mbwa aliyepasuliwa tumbo, unaweza kuwa ni ukuta wa ndani umeachia huku ngozi ikiwa bado imefunga.

Kama utumbo au mafuta ya ndani yametokeza nje, usiyarudishe. Funika kwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji ya chumvi yale niliyoeleza, zungushia taulo au kanga tumboni bila kukaza, mvishe koni asipate kuyatafuna, na uondoke papo hapo huku mtu mwingine akimpigia daktari simu kumwambia mnakuja. Usimpe chakula wala maji njiani, kwa sababu atahitaji kulazwa tena kwa dawa ya usingizi.

Kutoa nyuzi na kumrudisha uani

Nyuzi za ngozi hutolewa kati ya siku ya kumi na ya kumi na nne, na zilizo kwenye kiungo cha mguu, ambapo ngozi hujikunja kila hatua, zinaweza kukaa zaidi. Zikiachwa mwezi mzima kwa kuwa mbwa anaonekana mzima, ngozi huota juu yake na matundu huanza kutoa usaha. Usizikate kwa wembe nyumbani. Daktari huukata uzi upande mmoja tu, karibu na ngozi, ili sehemu iliyokaa nje ikiwa chafu isivutwe kupita ndani, na wakati huo huo huupapasa mstari wote kutafuta mahali palipolegea. Koni ibaki siku mbili nyingine baada ya hapo, maana matundu yanayowasha humwita mbwa kulamba, na kumwogesha kungoje mpaka yafunge.

Wiki ya tatu ianze kwa matembezi ya kamba ya robo saa, kisha nusu saa, kabla ya kumwachia uani. Usiku wa kwanza wa kumfungulia mtoe peke yake kwa saa moja, kabla mbwa wengine hawajafunguliwa, kisha mwite, mlaze ubavu na umulike mstari wa mshono kwa tochi ya simu kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukiwa mkavu na umelala bapa, mrudishe nje na ufunge mlango.